Ndizi za Machame Kwenye Dumu la Maziwa

Jumamosi, 16 Desemba

Pampu ya tatu imekubali leo. Maji yalianza kutoka machafu kama chai ya rangi, yakasafika, wenye shamba wakapiga vigelegele kama harusini. Imebaki moja, ile ya shamba la chini. Jumanne namaliza. Jumatano napanda basi. Ijumaa niko nyumbani Machame nakula kiburu cha mama, ndizi na maharage.

Mgongo unauma. Joto la Garsen halina adabu, linakufuata mpaka bafuni. Lakini sijali tena. Begi nimeshalitoa uvunguni.

Sijawahi kula Krismasi nje ya nyumbani. Hata mwaka niliovunjika mguu nilipelekwa nimelala kiti cha nyuma. Kwetu Wachaga mwezi wa kumi na mbili haulizwi mtu kama anarudi, anaulizwa lini. Asiyeonekana anasemwa mpaka Pasaka. Na mwaka huu zaidi. Ndio wa kwanza baba hayupo.

Jumatatu, 18 Desemba

Mvua. Si ya hapa tu, wanasema imenyesha sana huko juu na mto unatuletea maji ya watu wengine. Sikufanya kazi. Nilikaa kibarazani na Mama Barisa, mwenye nyumba wangu.

Mama Barisa ni Muorma, muuza maziwa. Mikono yake haijui kutulia. Asubuhi wenzake wanamletea maziwa kutoka mabomani, anayachuja, anayatia kwenye madumu, yanapelekwa Minjila, na pale njia panda yanapanda basi la Malindi. Kila dumu lina kitambaa cha mwenyewe kwenye mpini. Chake chekundu. Madumu matupu yanarudi siku ya pili pamoja na habari zote za barabarani: nani kajifungua, nani kanuniana na mumewe, ng'ombe wa nani kapotea. Nikamwambia, nyinyi ni redio kabisa.

"Redio nasema uongo," akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kiorma. "Maziwa hapana."

Jumatano, 20 Desemba

Barabara imekatika. Kati yetu na Minjila ni maji matupu.

Nilikwenda kuangalia mwenyewe, sikuamini maneno ya watu. Lami inaingia majini na haitoki. Miti mizima inapita na mizizi yake. Jillo, Mpokomo mwenye boti, ameifunga boti yake na kukaa juu yake. Hakuna anayevuka, hata mgonjwa.

Begi liko mlangoni. Kila nikilipita nalipiga teke.

Alhamisi, 21 Desemba

Nimempigia mama. Nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa kwa kilio. Akasema tu, "Basi. Nimeelewa."

Mama yangu hajawahi kuelewa kitu maishani mwake. Miaka yote anabisha mpaka na mchungaji. Hilo neno limenitisha kuliko matusi yoyote.

Nimelia. Mama Barisa amenikuta, akanisogezea kibuyu nimsaidie kutikisa. Maziwa hayavuki, kwa hiyo yote yanageuzwa samli. Nimetikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Ilisaidia kidogo.

Ijumaa, 22 Desemba

Simu ya mama imezimwa. Asubuhi, mchana, jioni.

Amenuna. Acha anune. Kesho kaka yangu Elia anafika na watoto wake kutoka Dar, watamchangamsha.

Jumamosi, 23 Desemba

Mungu wangu.

Elia kapiga. Kafika nyumbani kakuta mlango umefungwa, ufunguo kwa jirani. Jirani anasema mama aliondoka jana alfajiri kwa bodaboda, na mfuko, na galoni, na mkungu wa ndizi kiunoni mwa dereva. Mbuzi alishachinjwa tangu juzi, nyama ipo jikoni. Jirani alipomuuliza safari ya wapi, akajibiwa: "Nampelekea mtoto Krismasi yake."

Elia alidhani jirani anatania. Mimi nikakaa chini, sakafuni, pale pale nilipokuwa.

Yuko njiani kuja kwangu. Na mimi niko kisiwani!

Hajawahi kuvuka mpaka. Mombasa haijui. Malindi hata jina sijui kama analijua. Laini yake ya simu lazima ilikufa mara tu alipoingia Kenya, na namba yangu ya huku hajaikariri, ipo kwenye simu na kuitafuta humo hajui. Anachojua ni neno moja: Garsen. Na goti lake bovu.

Elia ananigombeza mimi, eti ningemkataza. Ningemkatazaje mtu aliyesema ameelewa?

Nina hasira naye. Nina hofu zaidi. Akipotea sitajisamehe, na yeye nikimpata nitampiga.

Jumapili, 24 Desemba

Leo mkondo umepungua kidogo. Jillo kaanza kuvusha, wagonjwa na maziwa tu, kwa amri ya chifu. Nimemwomba. Nimemshika mkono. Akasema, dada, mti mmoja ukitugonga tunakwisha wote, ngoja kesho. Nilimtukana. Baadaye nikamwomba radhi. Hakuchukia, ana mama na yeye.

Nimerudi nyumbani nimekaa kama gunia. Mama Barisa akaniuliza, mama yako anafanana vipi? Nikamwambia: mfupi, anachechemea, kitenge cha bluu, ana mkungu wa ndizi, anagomba na kila mtu.

Akaguna. Akaenda kwa wenzake waliokuwa wanapakia madumu botini. Akasema nao Kiorma kirefu. Wote wakanigeukia, wakanitazama, wakarudi kwenye kazi yao. Nikamuuliza, umewaambia nini?

"Nimetia mama yako ndani ya maziwa," akasema. "Minjila itasikia. Malindi itasikia. Wewe kula."

Sikula. Ni mkesha wa Krismasi na kwetu sasa hivi kuna moshi, watoto wanafukuzana migombani, mtu anaonja mbege, pombe yetu ya ndizi, na kusema bado. Hapa jogoo na jenereta. Sijawahi kuwa mpweke hivi.

Jumatatu, 25 Desemba

Naandika nikiwa Minjila.

Asubuhi Garsen iliamka kama siku zote. Mbuzi sokoni, maduka wazi, watu na shughuli zao. Kwa mbali kanisani walikuwa wanaimba Kipokomo, nikashindwa kwenda. Ningemwambia nini Mungu zaidi ya yale niliyomwambia usiku kucha?

Boti ikarudi na madumu matupu. Nilisimama tu ukingoni, hata sikuwa natazama vizuri. Mama Barisa akaliinua dumu lake la kitambaa chekundu. Kwenye mpini kulikuwa kumefungwa ndizi tatu.

Si za hapa. Mshale. Ndizi za kupika za kwetu, nyembamba, zimeanza kuiva kwa joto. Zimefungwa kwa kamba ya mgomba, kwa fundo la mama, lile lile la kufungia majani ya ng'ombe, ambalo hakuna mtu duniani anaweza kulifungua bila meno.

Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia.

Mwanamke aliyekuja na madumu akaeleza huku akicheka: mama iko Minjila, kibanda ya maziwa, tangu jana. Boti amekataa. Amesema hii sufuria, hapana boti.

Jillo hakusubiri nimwombe. Alinionyesha tu pa kukaa.

Nikamkuta mama amekaa juu ya gunia, amezungukwa na wanawake watatu wa Kiorma, anawafundisha kumenya ndizi. Hawaelewani hata nusu. Wanacheka wote. Mguu mbovu umenyooshwa juu ya dumu lililopinduliwa na mtu kamwekea shuka chini ya kisigino.

Aliponiona hakusimama. Alisema, "Manka, mbona umechelewa?"

Mimi! Mimi ndiye niliyechelewa!

Nilikuwa nimepanga kumgombeza. Nilipiga magoti nikaweka kichwa mapajani pake mbele ya watu wote, nikalia kwa sauti kubwa bila haya. Ananuka moshi wa nyumbani. Akanipapasa shingoni, akasema nimekonda, akasema nywele zangu ni aibu. Ah, mama. Mzima. Mzima kabisa.

Akafungua mfuko. Majani ya mgomba, ndani yake nyama iliyokaushwa juu ya dari ya jiko. Ubavu wa kulia. Kwetu kila mtu ana kipande chake cha mbuzi wa Krismasi, na huo ni wangu tangu nina meno. Baba ndiye aliyekuwa akikata. Mwaka huu amekata mama mwenyewe.

Tumeipasha kwa kuni za kibandani, tukala na ndizi. Wenyeji wetu nyama hawakugusa, mbuzi hakuchinjwa na Mwislamu na mama alishawaambia mwenyewe tangu jana. Ndizi wamekula mpaka zimekwisha. Sijawahi kula Krismasi tamu hivi, na nimekula zote.

Jumanne, 26 Desemba

Tumevuka. Mama alijifunika kitenge usoni, akanishika kifundo cha mkono, akaimba wimbo wa kanisani kwa Kimachame mwanzo hadi mwisho. Tulipofika akamwambia Jillo kazi yake ni nzuri ila chombo chake ni kibaya. Jillo kakubali.

Leo nimeipata habari yote, vipande vipande. Galoni lilikuwa la mbege. Mama anajua mbege haifungwi, inaachiwa ipumue, na kifuniko alikilegeza. Kondakta wa basi la Mombasa akaona itamwagika, akakikaza kwa nguvu zake zote. Walipofika Mariakani likalipuka. Mwanamke mmoja wa kiti cha mbele alidhani ni bomu, akatoka na kiatu kimoja. Basi zima likanuka kilabu cha pombe mpaka mwisho wa safari. Kondakta akataka kumshusha. Mama akamwuliza nani alikaza. Abiria wakamtetea, hata waliolowa.

Mombasa alilala ofisi ya basi. Malindi alilala kwa mama mmoja waliyekaa naye kiti kimoja. Kila mahali alikuwa anasema neno lake moja tu, Garsen, na watu wanampandisha gari.

Na kufika Minjila akasikia wauza maziwa wanaulizana juu ya mwanamke wa kitenge cha bluu anayegomba. Akawaambia, "Nagomba na nani?"

Elia kapiga tena, moto. Mama akachukua simu: "Una mke, una mikono, mbuzi nimekuachia mzima kasoro ubavu mmoja. Usinisumbue." Akakata. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Tangu tumzike baba sikuwa nimecheka hivyo.

Alhamisi, 28 Desemba

Maji yanashuka. Uzio wa jirani umeanza kuonekana.

Jioni Mama Barisa katufanyia heshima. Mama alikuwa amemletea buni za shambani kwetu, kavu, na maganda yake, zawadi ya mwenye nyumba. Nilidhani atazitwanga. Akazitia sufuriani zikiwa nzima, akamimina samli ile niliyoitikisa mimi nikilia, akazikaanga. Kwao ndivyo inavyofanywa mtu akija salama: buni zinakaangwa, zinaombewa, zinatafunwa.

Mama katoa macho. Amelima kahawa maisha yake yote na hajawahi kuona mtu anaikaanga kama karanga. Mama Barisa akaomba dua, sisi tukaitikia amina. Mama akatafuna moja. Akatafuna ya pili. Akasema baba yako angekataa, halafu angemaliza sufuria.

Ndio mara ya kwanza anamtaja bila kugeuka pembeni.

Nikamuuliza, kwa nini ulifanya hivi, mama, na goti hili? Alikuwa anajipaka samli iliyobaki mikononi. Hakuniangalia.

"Nilikuwa nakata nyama," akasema. "Nikafika kwenye kipande cha baba yako, nikakiweka pembeni. Nikafika kwenye chako. Nikaona pengo moja nitalivumilia. Mawili hapana."

Nilichukua bakuli nikaenda kuliosha.

Sasa amelala kitandani kwangu, mimi niko mkekani. Anakoroma vile vile kama nyumbani, na ile kuguna katikati. Zamani nilikuwa nauchukia mkoromo huu.

Koroma, mama.