Baba Yako Bado Anakungoja Crewe

Mpendwa mwanangu Bwire,

Mulembe. Usishtuke kuona barua, hakuna aliyekufa. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua. Ukiona mwandiko wangu utatafuta jina la marehemu kabla hujasoma salamu. Dada yako Nafula atapiga picha kurasa hizi akutumie kwenye simu, nawe utazisoma ukiwa umeketi ndani ya hizo treni zako za mbio. Ninaandika kwa sababu nina neno ambalo simu zako za siku hizi haziwezi kulibeba. Nimejaribu mara kadhaa. Kabla sijamaliza kukujulia hali unasema, "Mama, nakaribia kushuka, nitakupigia," na neno langu linabaki kooni kama mwiba wa samaki.

Neno lenyewe ni kuhusu baba yako. Lakini acha nianzie mbali kidogo, la sivyo utadhani nimechanganyikiwa kwa hicho ninachotaka kukuomba.

Unakumbuka ulipokuwa mwanafunzi huko Uingereza, kule Bangor, kwenye baridi ya baharini, na kila mwisho wa mwezi unakwenda Leicester kwa binamu yako Agnetta akupikie chakula cha kubeba? Safari zile zilipangiwa hapa Malaba, kwenye meza ya mapokezi ya lojing yetu ya kulaza madereva. Jumapili tukitoka kanisani ulikuwa unapiga simu ya video. Baba yako anavaa miwani, anaegemeza simu kwenye chupa ya sosi, na wewe unamsomea treni za majuma mengi yajayo kama mtu anayesoma matangazo ya ndoa. Ulitufundisha kwamba huko anayekata tiketi mapema ndiye anayelipa kidogo, na kwamba tiketi hiyo ya mapema imefungiwa treni moja tu, ukichelewa, imekufa. Mimi sikuipenda. Mtu anataja vipi siku na saa ya safari, na hata Mungu hajaamua kama ataamka? Lakini ulikuwa mwanafunzi, mfuko umetoboka, na masikini hachagui.

Siku uliyotuambia unakata safari vipande vipande, baba yako alivua miwani.

"Yaani unanunua ya kutoka hapo mpaka Crewe, halafu ingine mpaka Derby, halafu ingine tena?"

"Eeh baba. Ukinunua yote mara moja ni ghali."

"Na ni safari ile ile?"

"Ile ile."

Alicheka mpaka akakohoa. Hapa kwetu ukinunua sukari ya kadogo unaumia, mwenye pesa ya kilo nzima ndiye anayepata nafuu. Nikasema nchi hiyo imepinduliwa chini juu. Baba yako akasema hapana, hiyo ni akili ya dereva, na kuanzia siku hiyo akajiona yeye ndiye anayekuendesha.

Ndiye aliyekuchagulia ile tiketi ya kungoja. Uliisoma ukiwa umekunja uso: ni ya bei rahisi kuliko zote, ulisema, lakini inakuacha Crewe ukingoja treni nyingine kwa karibu saa mbili nzima. Baba yako hakufikiri mara mbili. "Chukua hiyo. Kungoja hakuui mtu." Na nani angejua habari za kungoja kuliko yeye? Nimekusimulia mara nyingi, lakini nasimulia tena kwa kuwa yeye hawezi tena kuisimulia vizuri. Lori lake lilikwama hapa siku nyingi kwenye foleni ya kuvuka mpaka. Kwao Mundika si mbali, angeweza kwenda kulala kwa mama yake, lakini dereva haachi mzigo. Basi akawa anakula kwenye hoteli ya mama yangu, nyanya yako, asubuhi na jioni, mimi nikiwa ndiye ninayeosha sahani. Foleni ilipokatika alikuwa ameshaniuliza jina, kabila na kanisa. Angepita moja kwa moja siku hiyo, wewe usingekuwepo.

Basi ukawa unangoja Crewe, na ukingoja unapiga simu. Hapo ndipo tulipokupata, Bwire. Nyumbani ulikuwa mtoto wa "ndiyo" na "sawa". Kule kwenye benchi, huna pa kwenda, mayai yako ya kuchemsha yako kwenye karatasi kwa sababu chai ya stesheni ilikuwa inakushinda bei, ukawa unaongea. Ulituambia kuhusu mwalimu uliyemwogopa. Ulituambia ulilia siku ya kwanza uliyoona theluji, na si kwa furaha. Ulimuuliza baba yako maswali ambayo hukuwahi kumuuliza mlipokuwa mkilala chini ya bati moja.

Nanyi mlikuwa na salamu zenu. Ukisikia honi za malori kwenye simu unauliza, "Mkia wa foleni uko wapi leo?" Naye anakujibu umefika hospitalini, au umepita Amagoro, kama mkulima anayetaja mvua. Halafu yeye anauliza, "Umepata ya Derby?" Unasema bado. Kwa nyuma tunamsikia yule mama wa kipaza sauti akitaja stesheni, na baba yako anazirudia polepole, moja moja, mpaka akazijua. Dereva aliyeacha kuendesha hupenda kusikia majina ya barabara.

Nadhani hukuwahi kujua jambo moja. Ile siku treni ilihamishiwa jukwaa lingine ukakimbia na simu mkononi, baba yako alisimama kutoka kwenye kiti. Alisimama hivyo hivyo, mkono mmoja ukutani, anahema. Uliposema "nimeingia" aliketi akajipangusa jasho na kitambaa cha meza yangu. Nilimcheka jioni nzima.

Sasa una kazi, na mwajiri ndiye anayekukatia tiketi. Nilifurahi, na sitakudanganya kwamba sikufurahi. Nilitoa sadaka ya shukrani. Ulipotuambia, "Mama, siku hizi naenda direct, hakuna kubadilisha," nilipiga vigelegele pale pale mapokezini na mteja mmoja akatoka chumbani akiwa na mswaki mdomoni. Sikujua nashangilia nini.

Unajua hali ya mji huu. Foleni ikikwama, redio inalia, wakubwa wanakuja na magari yao kutazama. Foleni ikikatika, wanapongezana. Hakuna anayemuuliza mwenye lojing, wala muuza mayai, wala mama wa chapati. Siku hizi malori yanapita, mwanangu. Yanapita vizuri sana. Ninatandika vitanda ambavyo havilaliwi. Siwezi kumwombea dereva akwame, hiyo ni dhambi, lakini mji huu ulikula kwa sababu watu walingoja. Na mimi nawe ni hivyo hivyo. Tangu treni zako ziwe za haraka, nimekaa na njaa yako. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini fungu lako mimi nililiweka kila Jumapili, likapoa.

Ningenyamaza kama ni mimi peke yangu. Sisi akina mama tumezoea kula makombo ya maneno. Lakini baba yako anasahau.

Alianza na vitu vidogo, funguo za vyumba, sufuria ikaungua. Tulicheka. Halafu akaanza kwenda barabarani kuwauliza madereva wamepakia nini, kama bado ana lori nyuma yao. Wale wa zamani wanamjibu kwa heshima, "Ni mbolea, mzee," wanamrudisha mpaka mlangoni. Tukampeleka hospitali Busia. Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema huu ni ugonjwa wa kusahau, dawa zitaupunguza mwendo tu, kuurudisha nyuma haiwezekani. Nikamuuliza sasa nifanye nini. Akasema, "Mama, kile ambacho bado anakishika, mshikilieni hapo hapo."

Anachokishika ni wewe, ukiwa Crewe.

Jina la Nafula linampotea. Langu pia, wiki hizi mbili tatu amekuwa akiniita "mama wa hoteli", kama zamani nilipokuwa naosha sahani. Lakini kila jioni anaketi kwenye benchi la mlangoni, anauliza, "Bwire amepata ya Derby?" Nikisema bado, anatikisa kichwa. "Huko ni baridi. Mwambie aingie kwa ile chumba ya kungojea." Kisha anatulia, anakula, analala. Jioni moja nilichoka nikamwambia umefika. Nilidhani nampumzisha. Aliinuka na uso umewaka, akaanza kukutafuta. Alifungua chumba kimoja baada ya kingine, vyote vitupu, vitanda vimetandikwa, anaita jina lako. Alipofika cha mwisho alisimama pale mlangoni. Sijawahi tena kusema umefika.

Wiki iliyopita ulipiga. Nilimshukuru Mungu, nikampa simu mbio kabla hujakata.

"Bwire, umepata ya Derby?"

Ukacheka, kicheko chako kizuri. "Baba, hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi sipitii huko kabisa. Naenda direct."

Aliitoa simu sikioni akaitazama. Ukasema mtandao unasumbua, ukasema utapiga Jumamosi, ukakata. Alinirudishia simu kwa adabu, kama unavyomrudishia mgeni kofia yake.

"Huyo alikuwa nani?"

"Ni Bwire, baba," nikamjibu.

"Huyo si Bwire. Bwire yuko Crewe, anangoja. Huyo ni mtu mwingine, na ana haraka."

Sikulia mbele yake. Nilikwenda nyuma nikafua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Hilo ndilo neno langu, Bwire. Sikukuandikia nikuhukumu. Hukufanya kosa kupata kazi, na mtoto hazaliwi ili akae kwenye benchi la baridi kuwafurahisha wazee. Lakini nina huzuni, na nimechoka kuifunika kwa "sisi ni wazima, tuombeane". Namwona baba yako akiondoka kidogo kidogo kama lori kwenye foleni, anasogea, anasimama, anasogea, na mpaka uko pale mbele tunauona.

Sikuambii uje. Najua ruhusa za kazi, najua nauli ya ndege si ya kukata vipande. Na niseme ukweli wote, naogopa ukija. Naogopa utaingia hapa na koti lako zuri, naye atakukaribisha vizuri sana, akuulize unalala siku ngapi, akupe funguo ya chumba kama mteja. Sijui kama mimi nitaweza kutazama hiyo.

Ninachokuomba ni kidogo. Tafuta siku moja ya mapumziko. Kata tiketi kama ulivyokuwa unakata, mapema, kwa vipande, ile ya bei rahisi kuliko zote, ile inayokuacha Crewe. Najua huna haja ya kwenda huko, na wenzako watakushangaa mtu mwenye mshahara anazunguka hivyo. Wacha washangae. Beba mayai. Keti kwenye benchi lile, ule upande tunakomsikia yule mama wa kipaza sauti, halafu upige simu, nami nitamketisha baba yako mlangoni. Muulize mkia wa foleni uko wapi. Atakudanganya umepita Amagoro, na wewe ushangae. Mwache aongee. Usitazame saa.

Akikuuliza kama umepata ya Derby, sema bado. Akikwambia uingie kwenye chumba cha kungojea, ingia, asikie mlango. Nikikuomba hivi sikufundishi uongo, maana utakuwa Crewe kweli, na utakuwa unangoja kweli.

Basi nakuacha hapo, mwanangu. Vaa soksi mbili. Msalimie Agnetta, mwambie vyombo vyangu vya plastiki ambavyo hakuvirudisha nimesamehe. Kuna lori moja tu limesimama hapa nje tangu asubuhi, na baba yako ameshaenda kumsalimu dereva.

Jambo moja la mwisho. Akikuuliza utafika saa ngapi, usitaje saa. Miaka yote aliyoendesha, nikimpigia nikiwa na wewe mgongoni unalia, hakuwahi kunitajia saa hata mara moja. Alisema madereva hawatabiri. Mjibu vile yeye alivyokuwa akinijibu, nami nikaamini, nikaweka chakula. Mwambie, "Niko njiani."

Ni mimi mama yako,
nikiwa Malaba, mlangoni, karibu naye.