Kazi ya Ilma na Finjani ya Pili

Mtaa wa chini ya ngome,
Tešanj, Bosnia.
24 Oktoba 2019

Mpendwa mdogo wangu Muris,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe, wifi yangu Colleen na mwanenu Kenan. Mgongo wako unaendeleaje? Umeacha kubeba kuni peke yako, au bado unajiona kijana? Mimi sijambo. Goti langu linatabiri mvua kuliko yule bwana wa televisheni, na tangu Agosti halijakosea. Mtaa mzima unanuka pilipili hoho za kuchoma, kila mtu anajaza chupa zake za akiba ya majira ya baridi na kuchungulia za jirani.

Najua unaisoma barua hii ukitafuta jina moja tu. Subiri, kwanza nikugombeze.

Umemlea binti huko Kanada, ukamfundisha kuendesha gari kwenye barafu na kusema ahsante hata kwa mashine, lakini kunywa kahawa hukumfundisha. Nusura aikose kazi.

Alivyohangaika unajua. Alipeleka maombi kila shule ya lugha kuanzia Doboj mpaka Zenica. Wengine walikuwa na mwalimu tayari, wengine walimtaka afundishe bure kwanza waone, na mmoja alimwambia Kiingereza chake ni kizuri mno, wanafunzi hawatakielewa. Kibali chake cha kukaa kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi huu, na ile tiketi ya kurudi Kanada uliyomkatia ilikuwa mezani, imeegemea bakuli la sukari, ikitutazama tukila. Naye alianza kukunja nguo zake vizuri mno.

Ndipo Ferhat, yule mwenye shule ya jioni nyuma ya posta, akamwita. Alitafuta mtu wa kuwafundisha wafanyakazi wa viwandani, maana siku hizi wanaonunua vipuri vyao hawajui hata neno moja la lugha yetu. Ilma akaenda asubuhi. Mimi nikakanda unga wa pita, chapati zetu za kujaza mboga na kuoka, nikijua muda ninao. Sijamaliza hata kuusukuma, huyo mlangoni, uso unang'aa.

"Shangazi, tayari! Amenipa kahawa, nimekunywa, nimemwachia vyeti mezani, nimetoka. Sikumpotezea muda hata kidogo."

"Umekunywa finjani ngapi?"

"Moja."

"Na yeye kakuuliza nini?"

"Kauliza kama wewe hujambo, na kama mimi nimezoea huku."

Nikakaa na unga wangu mikononi. "Mwanangu, umeondoka kabla hujafika."

Finjani ya kwanza, na wewe usijifanye umesahau, ni ya kumwambia mgeni karibu. Shughuli huja na ya pili. Maskini Ferhat alikuwa ameinuka kuteleka maji tena. Kurudi, akakuta kiti na vyeti.

Simu haikulia. Sokoni nikakutana na Bibi Nafa, mama yake Ferhat, anachagua kabichi kwa kuzipiga makofi.

"Huyo binti wa ndugu yako kumbe anatudharau," akaniambia. "Mwanangu anasema amemeza kahawa kama dawa ya minyoo, akatoka mbio. Bila shaka ana kazi kubwa Sarajevo."

"Hana kazi hata ya kulinda kuku," nikamwambia. "Ana haraka tu, na haraka yenyewe kairithi kwa baba yake."

"Basi mlete nyumbani Jumapili. Ila nitafunga mlango kwa ufunguo."

Tukaenda na sinia la pita ya mchicha. Nilimkalisha Ilma ubavuni kwangu, mguu wangu juu ya wake. Finjani ya kwanza tuliongea goti langu, mgongo wako, na waliokufa tangu Idi. Kila alipotaka kuimaliza kwa mkupuo, nilikanyaga. Mwishowe akajua kuchovya donge la sukari, kuling'ata kidogo, kunywa kidogo, na kuitua finjani chini.

Ferhat akaleta mdila wa pili, akaketi sawasawa. "Haya, binti. Watu wangu wanatoka zamu, mikono ina grisi, macho yanajifunga. Utawafundisha nini?"

Ilma hajajibu, Bibi Nafa akadakia. "Mjaribu kwangu. Nina kitukuu kule Saint Louis, Marekani, hajui lugha yetu, ananitazama kwenye simu kama anatazama samaki. Nataka nimwulize kama amekula."

"Mama, kwa lugha moja tu unatumaliza," akasema Ferhat. "Ukipata ya pili tutakimbilia wapi?"

"Nyamaza wewe, mwanafunzi ni mimi."

Muris, laiti ungemwona mwanao! Hakutoa kitabu. Alivuta sinia la pita, akaonyesha mdomo, akaonyesha tumbo, akasema, bibi akasema, akakosea, wakacheka, wakarudia. Haraka yote ilimtoka. Kahawa yake ikapoa pale pale naye hana habari.

Bibi akapiga simu hapo hapo. Kule kulikuwa asubuhi. Mtoto akasikia swali, akaduwaa, kisha akamwaga maneno mengi kwa pumzi moja. Bibi hakuambulia hata moja. Akamgeukia mwanawe, anafuta macho.

"Mpe kazi huyu. Nataka kujua amekula nini."

Mkataba umetiwa saini, wa mwaka mzima, na kwa huo kibali chake kinaongezwa. Kwa hiyo tiketi yako, ndugu yangu, haitatumika. Usimkasirikie. Aliogopa kukwambia mwenyewe, ndiyo maana naandika mimi. Najua chumba chake huko umekiacha vile vile, na najua mlivyokuwa mnamsubiri.

Lakini tangu mume wangu afariki, nyumba hii ilikuwa na sauti ya saa ya ukutani basi. Sasa kuna mtu anayeacha taa ya bafuni ikiwaka kila siku, na mimi nampigia kelele kila siku. Hujui raha yake.

Mpe Colleen mkono wangu, na Kenan umbusu hata kama ameota ndevu. Mungu awajalie afya, riziki, na theluji ya kiasi.

Dada yako akupendaye, hata usipojibu,
Hasnija