Ubao wa Waliojenga Kanisa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Huku Kariakoo tupo. Baba yako mdogo bado anauza viatu Mchikichini, na magoti yangu ndiyo hayo hayo.

Umeuliza ni akina nani walijenga kanisa letu la Anglikana. Ule ubao wa majina uliokuwa mlangoni umeliwa na mchwa, wiki iliyopita wameutupa. Lakini hata ungekuwepo usingekusaidia, na kosa ni langu.

Niliuandika mimi, nikiwa msichana, kwa sababu nilisifiwa mwandiko. Nikaanza na padri, nikafuata na wazee wa kanisa, nafasi ikaisha. Wanawake waliotoka Masasi, waliobeba kichwani maji ya kuchanganyia saruji kutoka bomba la Msimbazi, nikawamaliza kwa maneno mawili: "na wengineo."

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Hakujua kusoma. Jumapili ile akaniuliza, "Mwanangu, mimi niko wapi hapo?"

Nikaona aibu. Nikamwonyesha yale maneno mawili. "Hapa, mama."

Alifurahi, Neema! Akaweka kidole pale, akawaita wenzake waje kuona jina lake. Mmoja wao akaniuliza, "Na langu?"

Sikuwa na pengine pa kumwonyesha. Nikamwonyesha pale pale.

Mama akaondoa kidole chake. Hakuniuliza tena mpaka anakufa.

Andika jina lake: Felista. Wenzake nimewasahau majina.

Bibi yako