Nafasi ya Wawili Nyuma ya Pikapu

Kariakoo, Jumamosi, 15 Juni 1957

Asubuhi kulinyunyiza kidogo, kisha upepo wa kipupwe ukayafagia mawingu yote upande wa bandarini. Nimerudi nyumbani na vumbi la mbao mpaka ndani ya masikio. Nimeshaoga, lakini bado nasikia harufu ya mvule kwenye vidole hivi ninavyoandikia.

Kichwani nina swali moja tu: mtu akilala, ana urefu gani?

Niandike kwa mpangilio, maana mambo yamekwenda mbio tangu juzi.

Salehe, mume wangu, huuza kanga, sufuria na vikombe kwenye magulio ya bara. Kila mwezi hukaa njiani majuma mawili, Kisarawe, Utete, mpaka Kilosa, na usiku hulala juu ya gunia chini ya pikapu yake. Mara ya mwisho alirudi na homa. Ndipo nikachukua karatasi nikachora: kichanja cha mbao nyuma ya pikapu, turubai juu yake, na chini ya kichanja droo mbili ndefu za kuvutwa kwa nyuma, moja ya vyombo na moja ya kanga. Mtu alale mahali pakavu, mali yake iko chini ya ubavu wake.

Salehe aliitazama karatasi yangu kwa kitambo kirefu, akauliza mbona nimechora mito miwili.

Nikamweleza. Wanawake wa huko hupita mbele ya kanga zake bila kusimama kwa sababu hajui kuzungumza nao. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Mimi najua. Hiyo ndiyo sababu niliyompa. Sababu ya pili naiandika hapa tu. Shuleni niliweza kuichora ramani ya nchi hii nimefumba macho, na tangu niolewe sijavuka Pugu. Nataka kuuona Mto Rufiji, nijue kama kweli ni mpana kama nilivyouchora.

Salehe alikubali, ikiwa mama yake atakubali. Mama mkwe wangu, Bi Mwantumu, tunakaa naye nyumba moja. Alisema mke si mzigo wa kutupwa nyuma ya gari. Akiona pana mahali pa mtu na mkewe kulala kwa heshima, hatazuia. Safari ni Jumatatu ya juma lijalo.

Basi kwenda kwangu kukategemea nafasi, na nafasi haikutosha.

Nyuma ya kichwa cha gari kuna pipa la maji na tairi la akiba, na havina pengine pa kuwekwa. Panabaki futi tano kwa nne. Salehe ana futi sita na inchi mbili. Nilipiga ile hesabu ya pembetatu tuliyofundishwa shuleni, nikaona akilala kimshazari, kutoka pembe hadi pembe, anaenea. Lakini akilala hivyo, pembe zinazobaki zinatosha paka wawili.

Si mimi.

Juzi nikaenda kwa Fundi Naran, seremala wa Kihindi mwenye karakana yake upande wa kuteremkia Jangwani. Hakuiamini hesabu yangu. Alisema mumeo ni mrefu kama mlingoti, na yeye hakati mbao kwa maneno. Nimletee uzi wenye urefu wake kamili akiwa amelala, kisigino mpaka utosini, pengine Mungu atatupunguzia inchi mbili tatu. Akanikatia uzi wa katani palepale.

Jana, baada ya sala ya Ijumaa na chakula, Salehe alijitupa kwenye mkeka uani akasinzia. Usingizi wake ni mzito. Alikuwa amejikunja, magoti karibu na kidevu. Nilichuchumaa, nikaunyoosha mguu mmoja, kisha wa pili, nikaviweka visigino pamoja, nikailaza mikono yake ubavuni. Nikautandaza uzi, nikafunga fundo penye utosi. Nakiri nilikuwa nimefurahi. Napenda kipimo kinapokaa sawasawa.

Nilipoinua uso, Mama alikuwa amesimama mlangoni.

Hakupiga kelele. Alikuja akauchukua uzi mkononi mwangu, akamtikisa Salehe, akaendelea kumtikisa mpaka alipofumbua macho. Ndipo akanigeukia.

"Umemnyoosha mwanangu naye yu hai."

Kisha akasema siendi popote, akaingia chumbani kwake na ule uzi.

Salehe aliniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimekupima. Akauliza, kwa uzi? Akajitazama miguu. Ni yeye aliyenieleza. Maiti hunyooshwa kabla hajakakamaa, halafu huchukuliwa kipimo chake, na uzi huo ndio wanaokwenda nao wachimbaji kaburi.

Nilijua kwamba kaburi lina kipimo. Sikujua kinachukuliwaje. Miaka ambayo wenzangu walikuwa wakijifunza mambo ya msibani, mimi nilikuwa bwenini, na hata nyumbani sisi wasichana hatukuingizwa chumbani mwa maiti. Fundi Naran naye angejuaje? Kwao maiti huchomwa moto, hawachimbi kaburi.

Alasiri nikaenda kubisha hodi kwa Mama. Niliogopa, lakini pamoja na woga nilikuwa na udadisi, na udadisi ndio ulionisukuma mpaka mlangoni. Nilitaka kujua aliona nini pale uani. Nikamwomba radhi. Akanionyesha ukingo wa kitanda, nikakaa.

Akanisimulia habari za Idi, kaka yake Salehe, ambaye mimi namjua kwa jina tu. Alikufa kwa homa, akiwa na umri wa kuoa. Wazee walipoingia kuchukua kipimo walimtaka Mama atoke, akakataa. Mzee mmoja akashika uzi upande wa kichwani. Upande wa miguuni akaushika yeye.

"Wote wawili wamelala wamejikunja tangu tumboni mwangu," alisema. "Idi amelala amenyooka siku moja tu."

Nilikaa naye mpaka adhana ya magharibi.

Leo nimeamka na maneno yake. Niliyarudia wakati nawasha moto, nikayarudia wakati nachuja chai, na katikati ya kuchuja nikasimama, kichujio mkononi.

Nilikuwa nimepima urefu ambao Salehe hautumii.

Kitandani kwetu, sasa nakumbuka, upande wa miguuni godoro huwa baridi mpaka asubuhi. Nimelala pale mwaka mzima, na bado nilidhani kwamba mtu aliyesimama na futi sita na inchi mbili hulala nazo zote.

Sikuthubutu kumpelekea Mama jambo hili kama hesabu. Yeye alikuwa amenipa mwanawe aliyekufa. Nisingeweza kumrudishia inchi. Nilimwambia Salehe peke yake. Salehe naye, wakati wa chai, akasema tu kwamba anakwenda kwa fundi, na Mama akipenda aje aone mahali atakapokuwa akilala mwanawe. Mama alimaliza kikombe chake. Kisha akachukua buibui.

Fundi Naran alikuwa amekwisha kupanga mbao juu ya mihimili nyuma ya pikapu yetu, bila misumari. Akamwamkia Mama shikamoo, Mama akaitikia marahaba macho yake yakiwa kwenye mbao. Salehe akapanda, akalala, akajikunja kama nilivyomwomba. Lakini mtu akitazamwa halali. Kila kiungo kilikuwa kimekaza. Wapagazi waliokuwa wakipanda kuelekea sokoni wakasimama, na mmoja akauliza huyu bado anauzwa au keshanunuliwa.

"Bwana Salehe," akasema Fundi Naran, "umelala kama askari wa gwaride aliyeangushwa na upepo. Nipime nini hapo?"

Akaenda zake kunywa chai. Wapagazi wakaendelea na safari. Mimi na Mama tukakaa kwenye gogo kando ya karakana. Salehe alikuwa macho tangu kabla ya alfajiri, akichukua vyombo bandarini. Jua likatoka, mbao zikapata joto. Baada ya muda nikasikia pumzi zake zimebadilika. Goti moja likapanda. La pili likalifuata. Mkono ukatafuta njia yake mpaka chini ya shavu.

Mama alisimama. Nilidhani anaondoka.

Alikwenda mpaka penye mlango wa nyuma wa pikapu, akamtazama. Sijui alimtazama yupi kati ya wanawe wawili. Fundi aliporudi na kuanza kukunjua futikamba, Mama aliinua mkono, naye akaishia hapo hapo. Sikumweleza Fundi Naran kitu, wala Mama hakumweleza, lakini alirudisha futikamba mfukoni akampa Mama chaki.

Mama akachora mwenyewe. Mstari mmoja kwenye mbao mbele ya kichwa, mwingine chini ya nyayo. Halafu akaweka kiganja nyuma ya mgongo wa Salehe, polepole asimwamshe, akahesabu mpaka ubao wa pembeni: shibiri mbili na vidole vinne. Akanitazama toka utosini mpaka miguuni, jinsi mtu anavyotazama kabati kabla ya kulipitisha mlangoni.

"Hapa atalala mkewe," akamwambia fundi. "Na huku kichwani utoboe matundu, wapate hewa."

Fundi Naran akaitikia, akatia alama za matundu kwa kalamu yake ya sikioni. Mama akajifuta chaki kwenye buibui, akaanza kurudi nyumbani bila kutungoja.

Salehe aliamka fundi alipoangusha nyundo. Tulipopima kutoka mstari hadi mstari, tukapata futi nne na nusu tu, na kwenye nusu futi iliyobaki Fundi anasema atatengeneza kisanduku cha taa na kiberiti. Nilimwambia Salehe maneno ya mama yake tukiwa njiani. Alitembea mbele yangu kidogo, na nilimwona akijifuta uso kwa mkono wa shati. Sikumwuliza kama ni jasho.

Nimejifunza kitu leo, na bado sijakimaliza. Inaelekea sisi hupimana tukiwa tumesimama kwa ajili ya nguo, na tukiwa tumenyooka kwa ajili ya kaburi, lakini sehemu kubwa ya maisha hatuko hivi wala vile. Nani huchukua kipimo cha hapo katikati? Yule aliyekuzaa, labda. Labda na yule anayelala ubavuni mwako, kama anatazama. Mimi nilikuwa sitazami.

Jioni hii nimesimama ubavu penye kizingiti nikajipima kwa shibiri. Mbili na vidole vinne zinanitosha. Lakini hilo ni nikiwa macho, nimebana pumzi. Nikilala je? Sijawahi kujiona. Huenda hutupa mikono. Huenda hupiga mateke, na Salehe kwa adabu zake amekaa mwaka mzima bila kusema.

Nitajua usiku wa kwanza, Kisarawe.