Mueni hajanijibu utani

Yudith, uko wapi? Leo mdomo umeniponza.

Tumetoka kanisani sasa hivi, sikukuu ya mavuno. Nilipeleka debe la uwele na yule kuku mwekundu. Nikapewa nafasi nitoe shukrani. Nikashukuru mvua, nikashukuru Tanzania yetu na amani yake. Ningeishia hapo!

Si unajua utani wangu wa kila mwaka? Nikamgeukia mkwe wangu: "Na wewe Mkenya, mavuno yamekwisha, rudi kwenu Kitui!" Watu wakacheka. Kila mwaka Mueni husimama ananijibu, "Siendi, mama, mpaka niumalize uwele wako! Nyie Watanzania bila sisi mngelala mpaka saa sita." Na mwanangu Matonya alikuwa akicheka mpaka anashika benchi.

Leo Matonya hayupo. Mueni akasimama, akasema taratibu, "Sawa, mama. Nitarudi."

Sawa, mama!

Miezi minne tu tangu tumzike mume wake, nami namfukuza mbele za watu! Njiani nikamwambia, "Mwanangu, ni utani ule ule." Akasema, "Najua, mama. Lakini aliyekuwa ananibakiza hapa ameondoka."

Sasa hivi anakunja nguo za mjukuu wangu Nyemo. Nimechota uwele, nikautia kwenye kinu chake. Akiutwanga, nitajua anabaki.

Nimekaa nje nasikiliza. Mchi bado sijausikia.