Kanzu ya Yuma Katika Filamu ya Kartie Yetu

Goma, kartie Murara
Jumamosi, tarehe 14 Februari 2026

Mpendwa kaka yangu, Yaya Idrissa,

Salamu nyingi za upendo zikufikie huko Kindu, wewe na wifi yangu na watoto. Goti lako linaendeleaje? Umekubali kumeza dawa au ungali unajifanya kijana? Sisi huku tuko wazima wa mwili, alhamdulillahi. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningelia tu, nawe ungedhani rezo imekatika.

Nianze na filamu. Unamkumbuka Zéphirin, yule aliyekuwa anatengeneza simu pale Ndosho? Sasa ni mutu wa kamera. Miezi miwili amezunguka avenue yetu akichukua maisha ya watu, bila karatasi yoyote ya maneno. Anakuambia tu, "Fanya vile unafanyaka kila siku, sema chenye kinakuja." Mimi ndiye niliyemwingiza kwa mama, nikifikiri atamwondolea upweke kidogo. Kama kuna lawama, ni zangu.

Ilionyeshwa Jumapili tarehe moja, mchana, katika sale moja ya mikutano hapa Murara, madirisha yamezibwa kwa magunia. Watu walijaa mpaka mlangoni. Yaya, makelele! Kila mutu akijiona kwenye ile shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani anapiga yowe. Mama Émérance, jirani yetu anayeuza makala, makaa ya kupikia, alipojiona anagombania zamu ya maji kwenye robine, alisimama akaanza kugombana upya na shuka. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha akaonekana mama. Unaijua kazi yake ya kila Alhamisi: kupiga pasi ile kanzu nyeupe ya Yuma, ili akirudi aikute tayari kwa Ijumaa. Tangu mdogo wetu aondoke na abiria kwenye moto yake, ile pikipiki ya kazi, kuelekea Kibati asirudi, ile Oktoba watu walipokuwa wakikimbia vita, mama hajakosa Alhamisi hata moja. Watu waliendelea kucheka alivyojaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya nguo. Sauti ya Zéphirin ikauliza, "Kanzu ya nani, mama?" Na mama, bila hata kuinua macho, akajibu, "Ya mutoto wangu Yuma. Marehemu hakupendaka nguo yenye kukunjamana."

Marehemu! Yaya, neno ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulitamka katika nyumba ile. Sumaya, mke wa Yuma mwenyewe, lilimponyoka mara moja, akanyimwa salamu wiki nzima. Shehe naye alikuwa amekataa kusoma hitima ya mutu ambaye mama yake anasema yuko hai. Basi Sumaya akabaki hivyo, si mke si mjane. Pale kwenye sale vichwa vikageuka kututazama. Nikamgeukia mama pale kando yangu, nikamkuta anatazama mikono yake.

Mwishoni bwana mmoja wa redio, Monsieur Rodrigue, akasimama kutoa maoni. Eti filamu haina kichwa wala mkia, eti kamera inatetemeka, lakini yule mama mwenye pasi ni aktrisi wa ajabu, anajua kuigiza, nani alimufundisha? Wallahi nilitaka kumtupia kiatu.

Jumatatu asubuhi, kabla chai haijachemka, nikasikia watu uani. Mama Émérance na gunia la makala kichwani, nyuma yake wengine na bidoni za maji, mabenchi, mikeka, Waislamu kwa Wakristo. Walikuja matanga. Walikuwa wamemsikia mwenye mtoto akisema kwa kinywa chake, na unajua kwetu, jirani hangoji kuitwa kwenye msiba.

Mama akatoka amewaka. "Nani amekufa hapa? Ile ilikuwa filamu!"

Mama Émérance akatua gunia lake, akasema polepole, "Mama, mimi pia kwenye filamu niligombana kwenye robine. Na ni kweli ninagombanaka."

Mama akakaa kwenye kizingiti, nami sikujua niwafukuze watu au niwakaribishe. Halafu akaniita, "Saumu, uwatandikie mikeka." Hapo ndipo alipolia, kilio alichokibana miaka mitatu na zaidi. Sumaya akaja akalaza kichwa magotini kwake, wakalia pamoja. Iliniuma sana, Yaya, na papo hapo nilishukuru. Usinihukumu.

Zéphirin alikuja siku ya tatu, maskini, macho mekundu, akasema ataikata ile sehemu. Mama amemkatalia. "Uiache. Pengine sitaweza kuisema tena."

Sumaya ameanza eda. Shehe amekubali, na hitima tumeiweka baada ya Idi ili upate nafasi ya kupanga safari. Usilete sababu za goti. Barua hii anakuletea Abdoul, dereva, pamoja na kifurushi. Ndani ni ile kanzu. Alhamisi ya kwanza baada ya matanga mama hakugusa pasi, lakini juzi aliwasha makala akaipiga tena, akaikunja mwenyewe. Anasema wewe ndiye utaivaa siku hiyo. Itakubana tumboni, najua. Vumilia.

Sasa salamu. Mama amekuja kukaa karibu yangu kwa sehemu hii, kama kawaida yetu, yeye anataja majina mimi naandika. Mama anakusalimu. Sumaya anakusalimu. Mama Émérance anakusalimu, anauliza kama huko makala ni bei kali kama huku. Binti yangu Jamila anakusalimu, anataka umletee mananasi ya Maniema.

Baada ya Jamila, miaka yote hii, mama huniambia, "Andika: na Yuma anakusalimu." Nami naandika, nawe ukijibu unamrudishia salamu zake. Leo nimengoja, kalamu mkononi. Ameutazama mlango, kisha akaniambia, "Basi, mwanangu. Funga."

Mungu akulinde njia nzima na akufikishe kwetu salama.

Wako akupendaye daima, dada yako,
Saumu