Biskuti, mandazi ishirini na mikono mitupu

Jumamosi, wiki ya sita ya ndoa yangu. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa tatu, jua likarudi na barabara yote ikafuka mvuke. Nanuka mbwa aliyeloana. Nimeolewa, nina furaha, na leo nimeshindwa.

Acha nianze na furaha. Mume wangu. Naandika tena, maana sijashiba kuliandika: mume wangu. Asubuhi Dédé alikuwa anawahi dukani mjini, anakotengeneza simu. Alinibusu kwenye paji la uso, akambusu na mbwa palepale, akasema, "Chérie, leo ni wewe na Biskuti. Usiogope." Nilisimama dirishani mpaka shati lake la bluu likapotea kule chini mtelemkoni. Wiki sita, na bado naenda dirishani.

Mbwa alikuja pamoja na mume. Zamani Dédé alitunza bustani ya mama mmoja mzee hapa Berea, na yule mama alipohamia ng'ambo kwa binti yake alimwachia Biskuti: mkubwa, rangi ya chai ya maziwa, mpole hadi unamhurumia. Mimi nimekulia Bukavu. Kwetu mbwa ni wa kulinda, na hapa Durban mbwa wa mageti wananibwekea nikipita tu barabarani. Siku ya kwanza nilipokwenda na dada yangu kumtembelea Dédé, nilimwona Biskuti nikapanda juu ya kiti. Yeye alilala chini ya kile kiti, akasubiri. Niliposhuka nilikuwa nimeshawapenda wote wawili.

Kila Jumamosi Dédé alikuwa akimpeleka kwenye nyumba ya wazee kule Sydenham. Biskuti anaweka kichwa kwenye mapaja ya mgonjwa, anatulia, basi. Hakuna mahubiri. Dédé anaiita huduma yake, na tangu tuchumbiane nimekuwa nikienda naye. Mama Mchungaji wetu alipojua alicheka mpaka akafuta machozi. "Binti yangu, wengine wameitwa kuimba, wengine kufundisha. Ninyi mmeitwa kutembeza mbwa?"

Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani nililia kidogo.

Sasa bosi wa Dédé amezichukua Jumamosi zake zote. Kwa hiyo ama mimi nikubaliwe kumwongoza Biskuti peke yangu, ama huduma yetu ife. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupimwa.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuposwa upya. Niliamka mapema nikakanda unga. Mama yangu alinifundisha kwamba kwa mgonjwa huendi mikono mitupu. Hata kama una ndizi moja, peleka hiyo moja. Nilikaanga mandazi ishirini yenye iliki, nikayafunga kwa kitambaa, nikayatia mkobani. Taxi hazipakii mbwa, basi tulitembea, tukipitia Overport, na kila robot nyekundu, yaani taa ya barabarani, Biskuti alikaa chini mwenyewe bila kuambiwa. Nilijiona mshindi.

Auntie Pam, mkuu wa watu wa kujitolea, alitupokea na daftari lake. Akanituma chumba cha Koko Adèle, yeye akasimama ukutani kuangalia.

Koko Adèle ni wa Bukavu kama mimi, na wazee wa umri wake tunawaita Koko. Katika nyumba ile hakuna mwingine anayejua Kiswahili. Wauguzi wanasema siku za kazi hulala amegeukia ukuta. Jumamosi anajifunga kitambaa chake cha kichwa tangu asubuhi, anakaa kitandani akitazama mlango.

Alikuwa amekaa hivyo leo. Alinyoosha mkono. Biskuti alimpita, akaja kukaa mbele ya mkoba wangu.

Nilimwita. Nilivuta kamba taratibu kama Dédé alivyonionyesha. Akalala chini, kidevu juu ya mkoba, mate yanamtoka. Mkono wa Koko bado ulikuwa hewani.

"We binti, umeficha nini humo?"

"Mandazi, Koko."

"Mandazi! Na unamvuta mbwa kama iko na makosa? Iko na akili kukuzidi!" Akacheka mpaka meno ya bandia yakasogea.

Auntie Pam naye alitabasamu, lakini kalamu ilikuwa inaandika. "Mpenzi wangu," aliniambia kwa Kiingereza, "mbwa wako amekuja kuutembelea mkoba." Halafu akanieleza bila ukali. Wengine mle wana kisukari. Anayekuja na mbwa haingii na chakula, na hata mikono yangu ilikuwa inanukia mafuta. Dédé hakuwahi kuniambia. Siku zote mandazi niliyapeleka pale Jumapili, bila mbwa, na hakudhani kwamba ningeyabeba leo. Auntie Pam alisema hawezi kunikubalia. Nirudi Jumamosi ijayo, mara moja tu. Nikishindwa, Biskuti atasubiri nyumbani mpaka mume wangu apate nafasi.

Mume wangu hana nafasi.

Nilimweleza kuhusu mama yangu na ile ndizi moja. Koko akataka kujua tunasema nini. Nilimtafsiria yote, aibu yangu ikiwemo.

"Mwambie huyo mama hivi. Mbwa Jumamosi. Mandazi dimanche."

Nikatafsiri, dimanche yake ikawa Sunday. Auntie Pam akacheka kwa sauti. "Sharp," alisema, yaani sawa kabisa, lakini hakubadilisha alichoandika.

Nilipoaga, Koko alinishika mkono wa gauni.

"Utarudi?"

"Nitarudi, Koko."

"Na mbwa?"

Niliinama nikamkuna Biskuti sikioni.

"Miye siombi mandazi," akasema, akageukia ukuta.

Nilipanda mlima wa Berea nikilia waziwazi. Kwenye robot Biskuti alikaa, akaniangalia, akasubiri kijani.

Dédé amerudi saa kumi na mbili. Nilimsimulia, akajitahidi asicheke, akashindwa, akaniomba msamaha huku amenikumbatia. Kisha akavua viatu, akajilaza kwenye kochi, akaanza kugumia. "Mimi ndiye Koko. Weka mandazi mezani. Leta mbwa."

Mara ya kwanza Biskuti alikwenda kwenye sahani. Mara ya pili vilevile. Nikaenda kunawa mikono kwa sabuni na limau mpaka viwiko, nikarudi, nikashika kamba, nikanyamaza. Aliitazama sahani. Alinitazama mimi. Akaenda kuweka kidevu juu ya tumbo la mume wangu, akashusha pumzi.

"Usinichekeshe," Dédé alinong'ona, "atahama." Nilimpenda hadi kifua kikauma.

Mara moja kati ya tatu haitoshi. Kwa hiyo tutafanya kila jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa, sahani mezani na Dédé akigumia. Kuanzia Ijumaa sikaangi chochote, mikono isije ikanukia mafuta. Na kesho kanisani, Mama Mchungaji akiniuliza tena, nitamjibu: ndiyo, tumeitwa kutembeza mbwa. Kisha nitapeleka mandazi Sydenham, niyaache jikoni, maana ni dimanche.

Jumamosi nitapiga hodi kwa mgonjwa nikiwa na kamba ya mbwa tu mkononi. Mama yangu akisikia ataona haya, na nitamweleza.

Koko atakuwa ameshajifunga kitambaa. Mkono ule safari hii hautabaki hewani.